Klachi Haihesabu Kilomita

Anayenunua gari lake la kwanza la manyuali hapa Mwanza huuliza mambo mawili kabla hata hajapewa ufunguo: limetembea kilomita ngapi, na klachi itadumu miaka mingapi. La kwanza lina jibu kwenye dashibodi, ingawa jibu lenyewe huenda limechezewa. La pili halina jibu la namba moja. Fundi anayekutajia namba bila kuuliza gari lilikuwa likifanya kazi gani anakufurahisha tu.

Klachi hailiki kwa kutembea. Gari likiwa kwenye lami kati ya Magu na Bunda, gia namba tano, mguu uko mbali na pedeli, pleti, ile sahani ya klachi, imebanwa katikati ya flaiwili ya injini na presha pleti inayoikandamiza, na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kulika kunatokea kwenye zile sekunde mbili tatu za kuachia pedeli, injini ikiwa inazunguka mbio na magurudumu bado hayajaamka. Hesabu ya kweli basi ni hii: gari limeondoka mara ngapi, likiwa na mzigo gani, kwenye mwinuko gani, na chini ya mguu wa nani.

Ndiyo maana klachi ya gari dogo lililotumiwa kawaida mara nyingi hufika kati ya kilomita 80,000 na 150,000, ya gari la safari ndefu hupita 200,000 bila giaboksi kuguswa, na ya mtu anayening'iniza gari mlimani kwa klachi huisha kabla ya 30,000. Mwanagenzi mmoja na mlima mmoja wanaweza kuimaliza klachi mchana mmoja. Pleti inaungua, haingoji miaka.

Na mji wenyewe ni sehemu ya jibu. Mwanza imekaa juu ya mawe: Bugando, Isamilo, Capri Point, Igogo, Mabatini, kote huko nyumba zimepanda na magari yanazifuata. Tena ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kijiinjini cha cc 660 cha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hapa kinapumua hewa nyepesi kuliko ambayo kingepumua Tanga. Dereva anaongeza resi ili gari lisizime, na resi hiyo ya ziada inageuka joto kwenye pleti.

Tuseme kidogo kilichomo ndani, kwa sababu anayejua majina ya vitu hadanganyiki kirahisi gerejini. Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krankishafti, mhimili unaozungushwa na injini. Pleti ya klachi ina lainingi, yaani tabaka za kusuguana, pande zote mbili, zimepigwa riveti; katikati yake kuna meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi, na springi fupi za kupokea mshtuko. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili kwa bolti, na ndani yake kuna springi pana yenye vidole inayoibana pleti muda wote. Ukikanyaga pedeli, rilizi beringi inasukuma vile vidole, presha inaachia, pleti inabaki huru. Kukanyaga ni kuachanisha. Wengi wanaoanza wanadhani ni kinyume chake, ndiyo maana wanakanyaga klachi wakishuka mlima wakiamini wanalishika gari.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema kwamba unataka injini ya baridi. Gari lililokwisha kupashwa moto linaficha mengi. Kabla ya kuwasha, kanyaga pedeli ya klachi taratibu kwa mkono, ndiyo, kwa mkono, ili usikie. Mwanzoni kuna sehemu laini isiyo na uzito, ile plei, kisha inakuja ngumu. Kwenye Corolla na ndugu zake wengi plei hiyo ni milimita 5 hadi 15. Ikiwa haipo kabisa, rilizi beringi inagusa vidole muda wote na presha haibani kwa nguvu yake yote. Ikiwa ni kubwa mno, klachi haitakata, yaani pleti haitaachiwa kabisa.

Kisha washa, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu moja hadi nne, uingize rivasi. Gia ya rivasi kwenye magari mengi haina ringi za shaba za kulainisha uingiaji wake, kwa hiyo ndiyo inayosema ukweli. Ikikwaruza baada ya kungoja hivyo, klachi haikati: kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, au masta, pampu ya mafuta hayo, imechoka, au waya umelegea, au pleti imepinda. Ukiingiza bila kungoja itakwaruza hata kwenye gari zima, kwa hiyo usimwonee muuzaji.

Rudisha gia huru, achia pedeli, sikiliza. Kanyaga, sikiliza tena. Mlio unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia ni wa rilizi beringi. Mlio uliopo ukiwa umeachia na unaopotea ukikanyaga ni wa beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, na huo ni ugonjwa mwingine wenye bei nyingine. Wauzaji hupenda kuiita yote "kelele za kawaida za manyuali". Gari la manyuali lililo zima halina kelele hizo.

Jaribio la kuteleza lifanyie barabarani. Tafuta mwinuko mrefu ulio sawa na usio na watu wengi, weka gia namba nne kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Gari zima litajikokota, litalalamika, litaongeza mwendo polepole. Gari lenye klachi iliyokwisha litapandisha resi ghafla na mwendo ubaki palepale, kama pikipiki iliyoruka mnyororo. Kuna wanaopenda jaribio la kusimama: hendibreki juu, gia namba tatu, unaachia klachi na injini inapaswa kuzima papo hapo. Linafaa, mradi hendibreki ishike kweli na mbele yako pasiwe na mtu. Lifanye mara moja tu. Ukilirudia mara nne umemuunguzia mtu klachi yake, na kama utalinunua umejiunguzia mwenyewe.

Ukiondoka kwenye gia namba moja gari likitetemeka mwili mzima, usikubali kwa haraka kwamba ni klachi tu. Maunti ya injini, ile raba inayoishikilia, ikikatika hutoa mtetemo uleule. Fungua boneti, mwambie mwenzako aachie klachi kidogo huku ameshika breki, utazame injini: ikiruka sana, maunti imekwisha. Injini ikitulia na mtetemo ukabaki, basi kuna oili kwenye lainingi au flaiwili imeungua madoa ya bluu.

Oili ndiyo inayokwepwa na wakaguzi wengi. Ingia chini ya gari, tazama pale giaboksi inapokutana na injini. Pakiwa na unyevu mweusi, sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya krankishafti inavuja. Pakiwa na oili nzito yenye harufu kama ya kiberiti, ni sili ya giaboksi. Vyovyote vile, pleti mpya ikifungwa bila sili hiyo kubadilishwa italowa na kuanza kuteleza ikiwa bado nene. Hapo utamlaumu muuza spea bure.

Na uliza kazi ya gari. Swali hili lina thamani kuliko kilomita zote. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita yalipanga foleni ya kivuko, na foleni ya kivuko ni mita tano, simama, mita tano, simama, kisha ule mteremko wa kuingilia ambao gari linapandishwa au kurudishwa nyuma kwa nusu klachi. Gari lililoishi maisha hayo kwa miaka lina klachi ya mzee hata dashibodi ikisoma kilomita 60,000. Wanaovuka Kamanga bado wanayajua hayo. Kinyume chake, Probox ya mtumishi aliyekuwa akienda Shinyanga na kurudi kila wiki inaweza kusoma 180,000 na klachi yake ikawa nzima.

Kirikuu inahitaji aya yake. Vijana wengi hapa huanzia kwenye Suzuki Carry kwa sababu inalipa: samaki kutoka Mwaloni Kirumba, saruji, viazi, viti vya sherehe. Gari hilo kule Japani limeruhusiwa kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50, basi. Sote tunaona kinachopakiwa Buhongwa na Igoma. Ukipakia mifuko 15 klachi haivunjiki siku hiyo. Inachelewa kushika kwa sekunde moja zaidi kila unapoondoka, na hiyo sekunde moja ndiyo inayomeza nusu ya umri wake. Ukiikuta kirikuu sokoni, tazama springi za nyuma kabla ya klachi. Zikiwa zimelala bapa, unajua tayari pleti ilikuwa ikibeba nini.

Nyingi za kirikuu zinakata klachi kwa waya, si kwa mafuta, na hapo kuna tofauti ya kujua. Kwenye mfumo wa waya, pleti inavyolika plei inapungua na gari linaanza kushika pedeli ikiwa juu zaidi na zaidi. Hiyo ni saa inayosomeka. Kila mwezi pima plei kwa rula pembeni ya pedeli. Kitabu cha gari kinatoa kipimo chake, na kwa magari mengi ya waya ni kama milimita 15 hadi 25. Ikipungua, kuna nati upande wa giaboksi ya kulegeza waya. Ilegeze kidogo, kanyaga mara kadhaa, pima tena. Nati ikifika mwisho wa uzi wake na plei bado haitoshi, hakuna cha kurekebisha tena, pleti imekwisha. Waya wenyewe ukianza kuwa mgumu au ukaonyesha nyuzi zilizokatika pale kwenye kichwa, badilisha kabla haujakuachia katikati ya mlima. Ni kazi ndogo.

Kwenye mfumo wa mafuta saa hiyo haipo. Masta ya chini, ambayo wengine huiita slevu, inajirekebisha yenyewe pleti inavyopungua, kwa hiyo kimo cha pedeli hakikuambii chochote cha maana. Dalili unayoweza kuikuta ni pedeli kuwa nzito kuliko zamani, kwa sababu vidole vya presha vimebadilika pembe. Wengi hawaioni kwa kuwa mguu unazoea polepole. Mpe rafiki mwenye gari kama lako akanyage. Yeye ataisikia mara moja.

Mafuta ya mfumo huo ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, na kwenye magari mengine kopo ni moja kwa breki na klachi. Yananyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani ya ziwa haina uhaba wa unyevu. Kila miaka miwili yamwagwe yote. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, muda umepita. Usitie oili ya injini, usitie mafuta ya usukani, hata kama umekwama Misungwi usiku: raba za ndani zitavimba na masta zote mbili zitakufa pamoja. Maji nayo, ambayo wapo wanaoyatia, huleta kutu ndani ya silinda na raba hukwaruzwa kila unapokanyaga.

Kopo likishuka, kuna mahali yanakokwenda. Vua mkeka wa dereva upapase ukuta juu ya pedeli. Pakiwa na unyevu, masta ya juu inavuja. Nenda kwenye giaboksi, funua ile raba ya vumbi ya masta ya chini. Ikitoka na mafuta, ndiyo hiyo. Na kama kopo limejaa lakini pedeli ukiishikilia inazama yenyewe taratibu, raba ya ndani ya masta ya juu inapitisha bila kumwaga tone nje. Pedeli inayokuwa nzuri ukiipampu mara mbili tatu ina upepo.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na robo saa. Jaza kopo. Kwenye masta ya chini kuna kinati cha kutolea upepo, kwa kawaida spana namba 8 au 10. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wa ndani akanyage mara tatu, ashikilie chini. Wa chini afungue kinati nusu mzunguko, povu litoke, afunge. Ndipo wa ndani aachie. Akiachia kabla hakijafungwa, upepo unarudi na mnaanza upya. Rudieni hadi mafuta yatoke bila povu, na kila baada ya mara nne tano jazeni kopo. Likikauka mmejitia upepo mwingi kuliko mliokuwa mkiutoa. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwageni maji mengi hapo hapo, yanababua.

Mguu wa kushoto ndio unaobaki. Kuna tabia nne zinazolisha gereji za mji huu. Ya kwanza ni kuegesha mguu juu ya pedeli barabara nzima ya Nyerere kutoka mjini hadi Nyakato. Uzito wa kiatu tu unaondoa plei na kuizungusha beringi bila kupumzika. Mguu ukimaliza kazi uwekwe sakafuni. Ya pili ni kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi. Inaonekana ya kistadi, gari limetulia halirudi nyuma halisongi, lakini pleti inasagwa pale pale. Hendibreki iliundwa kwa ajili hiyo: ivute, ingiza namba moja, achia klachi hadi usikie pua ya gari inajaribu kuinuka na mlio wa injini umeshuka, ongeza mafuta kidogo, shusha hendibreki. Fanya hivyo mara ishirini siku ya Jumapili kwenye mwinuko mtupu na mkono utajifunza. Hendibreki isiyoshika kwenye gari la Mwanza ni gharama ya klachi, itengeneze kwanza.

Ya tatu ni kuondokea gia namba mbili kwa sababu "moja inachosha". Namba mbili inailazimisha pleti iteleze muda mrefu zaidi kabla magurudumu hayajalingana na injini. Namba moja ya kuondokea, siku zote, hata kwenye mteremko kidogo, na hata kama umeshalizoea gari. Ya nne ni kukimbiza foleni. Magari yakitambaa pale Mabatini, acha nafasi ya magari mawili ifunguke ndipo usogee mara moja kwa klachi iliyoachiwa kabisa, badala ya kusogea mara sita kwa nusu. Watakupigia honi. Honi hailipi fundi. Foleni ikisimama, gia huru na mguu chini.

Ukikwama kwenye mchanga wa ufukweni ukipakia dagaa au ukivuta mtumbwi, resi hazitakutoa. Pleti iliyoteleza dakika moja mfululizo chini ya mzigo imeshaanza kuungua, na harufu yake, kama karatasi iliyochomwa na raba pamoja, utaijua. Shuka, fukua mbele ya matairi, weka mbao au matofali, punguza upepo wa matairi, teremsha mzigo. Ukiisikia harufu hiyo popote, simama, achia gari lipoe nusu saa. Pleti iliyopata joto mara moja na ikaachwa kupoa mara nyingi husamehe; iliyoendelea kuteswa ikiwa ya moto inakuwa ngumu kama kigae na haishiki tena hata ikiwa nene.

Kuingiza gari ziwani kuliosha, achilia mbali uchafuzi wa maji tunayokunywa, kuna madhara yake huku nyuma. Maji hupenya kwenye nyumba ya klachi, na gari likiegeshwa wiki mbili, kutu hugandisha pleti na flaiwili. Unakanyaga klachi, gia haziingii kabisa. Kabla ya kushusha giaboksi, jaribu hivi mahali peupe pasipo na mtu: pasha injini moto, zima, ingiza namba mbili, kanyaga klachi hadi mwisho, washa gari likiruka, endesha ukiwa bado umekanyaga huku ukiongeza na kupunguza mafuta kwa ghafla. Mara nyingi inabanduka kwa mlio mmoja.

Ikifika siku ya kubadilisha, nunua vitu vitatu kwa pamoja: pleti, presha na rilizi beringi. Kubadilisha pleti peke yake ni akiba ya uongo, kwani ufundi ni uleule na springi ya presha imechoka pamoja na pleti. Toyota hutaka pleti itupwe riveti zikibaki milimita 0.3 tu chini ya uso wa lainingi. Zikipita hapo zinachimba flaiwili na gharama inaongezeka. Pleti zilizobandikwa lainingi upya zipo, na zinaendesha, lakini kwa gari la kwanza la mtu asiyejua bado kusikiliza dalili tusingemshauri. Nenda dukani na pleti ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, hesabu meno ya katikati, ingiza ile mpya kwenye shafti ya giaboksi kabla hujalipa kama shafti iko karibu. Jina la gari kwenye boksi halitoshi, maana modeli moja yenye injini mbili ina pleti mbili.

Kaa gerejini siku hiyo. Gari la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma, kama kirikuu, giaboksi hushuka kwa saa mbili tatu. La magurudumu ya mbele lazima shafti za pembeni zitolewe na injini ishikiliwe kwa jeki, basi tegemea nusu siku au zaidi. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu, nyufa ndogo au mabonde, ipelekwe ikakerezwe. Pleti mpya juu ya flaiwili mbovu itatetemeka tangu siku ya kwanza. Sili ya krankishafti ibadilishwe hata kama haijaanza kuvuja, kwa sababu sili ni bei ya chai na kuifikia tena ni giaboksi nzima. Presha mpya huja imepakwa oili ya kuzuia kutu: ifutwe kwa tina mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mikono yenye grisi isiguse lainingi.

Pleti ina upande. Sehemu iliyovimba yenye springi hutazama giaboksi, na mara nyingi upande wa flaiwili umeandikwa. Ikigeuzwa, springi zinagonga bolti za flaiwili na klachi haikati kamwe. Isawazishwe katikati kwa kifaa chake au kwa shafti ya zamani, kisha bolti za presha zikazwe kwa kupokezana upande na upande, kidogo kidogo. Kwenye Corolla nyingi kipimo cha mwisho ni N·m 19 tu, si nguvu za mwili mzima. Grisi kwenye meno iwe ukungu, inayobaki ifutwe, kwani grisi nyingi itarushwa kwenye lainingi. Na wakati wa kurudisha giaboksi, isining'inie hata dakika moja kwenye meno ya pleti. Hapo ndipo pleti mpya hupinda, na mteja anarudi kesho yake akisema rivasi inakwaruza. Fundi mzuri anaishikilia kwa jeki mpaka ikae yenyewe, ndipo anafunga bolti. Akiona haiingii na kuanza kuivuta kwa bolti, msimamishe.

Oili ya giaboksi iliyomwagwa isirudishwe. Gari dogo linahitaji karibu lita 2 za 75W-90 yenye alama ya GL-4, ambayo haizidhuru ringi za shaba za gia.

Kabla ya kulipa, omba upewe pleti ya zamani uitazame. Ikiwa imelika sawasawa pande zote, uliendesha vizuri na umri umefika. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, flaiwili au presha ina kasoro. Ikiwa nene lakini nyeusi na inang'aa, iliungua. Ikiwa na ute wa mafuta, mwulize fundi sili ipi imebadilishwa, akuonyeshe ya zamani. Kisha kilomita 500 za mwanzo usipakie mzigo wala usipande Bugando bila sababu. Lainingi mpya hukaa sawa na flaiwili kwa maondoko mengi mepesi, na harufu kidogo katika siku hizo mbili tatu za kwanza isikutishe.